Tusingoje Matanga Ndipo Tuseme Asante

Wazee wetu walisema: Fadhila ya punda ni mateke. Walimtaja punda, lakini walimlenga mtu. Leo nataka kusema juu ya punda hao, na mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza Wenye Heri watu wanne waliouawa tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, aliuawa Baraka. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alipotoka aliamriwa kupanda gari la wauaji, naye akakataa, maana alitaka kufa pale alipolala ndugu yake. Akapiga magoti, akapigwa risasi. Jioni ile ile, huko Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert, aliyezaliwa na Mfaransa na mama Mkongo, Agnes Atakaye.

Ni haki kuwashukuru. Lakini nauliza: Wenye Heri wanatudai nini? Hawali ugali wetu, wala nyumba yao haivuji. Ni rahisi kumshukuru mtu ambaye hatakuja kubisha hodi mlangoni. Shukrani iliyo ngumu ni ya yule aliye hai bado, naye ni mzee, tena maskini.

Kwetu Kilembwe yuko mzee aliyenifundisha kusoma. Wakati ule mshahara wa serikali haukumfikia. Wazazi walimletea mihogo, mahindi, pengine kuku. Baba yangu hakuwa na kitu mwaka mzima, na mwalimu hakunifukuza hata siku moja. Vita vilipotukimbiza porini, watu walibeba sufuria na mikeka. Yeye alibeba ubao. Tulisoma chini ya mti, tukiandika udongoni kwa vijiti.

Leo wanafunzi wake ni walimu, waganga na wafanya biashara, huko Fizi, Uvira, hata Bukavu. Na yeye? Angali akilima kwa jembe lililokwisha makali. Lakini ngoja afe! Jeneza zuri litatoka mjini, akina mama watavaa kitenge cha namna moja, na sisi tutashindana kwa hotuba. Kila mmoja atasema, "Huyu ndiye aliyenilea." Mzee hatasikia hata neno moja.

Wengine hunijibu: "Alifanya kazi yake, na wazazi walimlipa." Ndugu yangu, taja bei. Kubeba ubao porini ni kuku wangapi? Wengine husema: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; tukimsifu ataota kiburi." Mzee wa miaka sabini na zaidi, mwenye paa la nyasi bovu, ataotaje kiburi? Tena sikuombi sifa. Naomba jembe jipya, chumvi, sabuni, na mtu wa kumwezekea nyumba kabla ya mvua. Na yuko atakayesema, "Mimi mwenyewe sina kitu." Basi nenda mikono mitupu, ukae naye, umsomee barua zake, maana macho yake yamechoka. Yeye ndiye aliyekupa hayo ya kusomea.

Katika Injili wakoma kumi walipona, akarudi mmoja tu. Wale tisa hawakuwa wabaya. Nadhani walikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Ndivyo tulivyo sisi. Hatumchukii mwalimu, wala mkunga aliyetupokea usiku, wala katekista aliyetembea kwa miguu mlima kwa mlima. Tuna haraka tu. Na kwa haraka hiyo tunawazika watu tusiowashukuru.

Mimi nilimaliza miaka kumi na mmoja bila kumwona mzee wangu. Nilipofika mwisho hakuniuliza nimeleta nini. Aliniuliza kama ningali nasoma vitabu. Niliona haya.

Ndugu, wewe pia unaye wako. Usimtumie salamu kwa mtu mwingine. Nenda mwenyewe, tena upesi, akingali anaweza kukuitikia hodi.