Mteremko wa grafu u mtungini

Mzazi wa Umoja au Kayole akifungua daftari la mwanawe huona mstari uliochorwa juu ya miraba, asijue unamhusu nini. Kosa si lake. Mteremko wa mstari umefundishwa kama kanuni ya kukariri, ilhali mtoto wa Eastlands hukutana nao kila mifereji inapokauka na mikokoteni ya maji kupita.

Tuchukulie kwamba mchuuzi hutoza shilingi 70 kwa mitungi 2, na shilingi 190 kwa mitungi 6, ikiwemo ada ya safari isiyobadilika. Tukiunganisha nukta hizo mbili, mstari umepanda shilingi 120 huku ukisonga kulia mitungi 4. Gawanya: mteremko ni shilingi 30 kwa kila mtungi. Anayegawanya 70 kwa 2 hupata 35, na hukosea, kwa kuwa ameichanganya bei ya maji na ada ya shilingi 10. Naye anayehesabu miraba bila kusoma vipimo vya mihimili hupotea zaidi.

Mnamo Aprili 2025 serikali ilitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu. Uamuzi ni mwema, lakini amri haifundishi. Walimu na waanzie mtungini, ndipo waje kwenye kanuni. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua kuusoma mteremko atazidi kulipa bei asiyoifahamu.