Shambani na Porini: Ukoo wa Alizeti

Mtu akilishika ua la alizeti na kulitazama kwa makini, ataona ya kuwa hakushika ua moja bali mamia. Kile kiitwacho ua ni kichwa tu, mfano wa sahani, na juu yake yamepangwa maua madogo madogo yaliyobanana, na kila moja la katikati huzaa mbegu yake peke yake. Hata yale ya manjano yaliyouzunguka ukingo, ambayo watu hudhani ni majani ya ua, nayo ni maua kamili kwa asili yake, ijapokuwa katika alizeti hayazai. Hiyo ndiyo alama ya ukoo huu, na aijuaye hapotei tena. Kishona-nguo king'ang'aniacho suruali njiani, mchunga upikwao pwani, pareto ya Molo, na miti ya ajabu iliyo karibu na barafu ya Mlima Kenya, yote ni ndugu. Wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya aina 20,000 za ukoo huu duniani.

Wenyeji wake katika Kenya ni wengi. Katika Bonde la Ufa, tokea Naivasha hata kupita Nakuru, msafiri huona vichaka vya leleshwa vyenye majani ya kijivu. Majani hayo yakifikichwa hutoa harufu nzuri kama kafuri, na Wamaasai tangu zamani huyaweka kwapani. Kuni zake ni ngumu na makaa yake ni mazuri, jambo ambalo limekuwa balaa kwa leleshwa yenyewe. Huko juu mlimani, mahali ambapo baridi hugandisha maji karibu kila usiku na jua huchoma mchana, husimama mti wa ukoo huu uitwao Dendrosenecio keniodendron, wenye kimo cha mita 6 hivi. Jua likitua, majani yake makubwa hujikunja na kuifunika ncha changa isiungue kwa baridi. Na majani yaliyokufa hayaanguki, bali hulizunguka shina kama blanketi. Apandaye mlima akayabandua ili awashe moto huuvua mti nguo yake.

Wageni nao wamezoea nchi hata watoto hudhani walikuwapo siku zote. Kishona-nguo kilitoka Amerika, na vivyo hivyo mmea wenye harufu kali ambao Wakikuyu huuita mubangi, ambao ng'ombe akiula maziwa yake huharibika ladha. Hata hivyo mubangi una sifa yake: mizizi yake huwapunguza minyoo wadogo waishambuliao mizizi ya mazao. Katika Nyanza na nchi ya Magharibi, tithonia ya maua makubwa ya manjano, iliyotoka Mexico na Amerika ya Kati, hupandwa kuwa ua la boma. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima majani yake yaliyokaushwa wakaona yana naitrojeni kiasi cha asilimia 3.5, basi wakulima wakafundishwa kuyakata na kuyafukia shambani yawe mbolea. Ni mafundisho mazuri, lakini yafaa ikumbukwe ya kuwa mmea huo hauumbi mbolea. Huihamisha tu kutoka kando ya shamba hadi katikati, na kazi ya kukata na kubeba si ndogo.

Mgeni asiye na sifa hata moja ya kumtetea shambani ni Parthenium hysterophorus. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na maua yake ni vichwa vidogo vyeupe visivyomtisha mtu, lakini mmea mmoja waweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu hizo husafiri kwa magurudumu, kwa maji ya mafuriko, kwa mchanga na kwa nyasi za kuuzwa, na magugu hayo yamefika hata Maasai Mara. Hufukuza nyasi za malisho, huchafua ladha ya maziwa, na huleta upele na pumu. Wengi huyang'oa kwa mikono mitupu kisha hushangaa ngozi ikiwawasha. Sharti yang'olewe kwa glavu, kabla ya kuchanua.

Lakini katika ukoo huu wote hakuna ulioiletea Kenya fedha na huzuni pamoja kama pareto. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia, nao uliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Siku zile Japani ndiyo iliyotawala biashara yake. Vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vilipoifunga njia hiyo, maua ya Kenya yalitakiwa sana kwa dawa ya kuwakinga askari na mbu na chawa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwahimiza wakulima Waafrika kulima mazao ya biashara, pareto ikiwamo, na watu wa Kisii, Limuru na Kinangop wakasomesha watoto kwa maua hayo. Baadaye malipo yakachelewa, miezi ikawa miaka, wakulima wakang'oa pareto wakapanda viazi. Tasmania katika Australia ikashika nafasi yao. Sheria ya mwaka 2013 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na wengine wamerudi kupanda.

Arudiye hana budi kuuliza kwanza ni nani atakayenunua, na atalipa lini, na ayapate majibu hayo kwa maandishi. Shamba lenyewe liwe nchi ya juu, kwa kuwa pasipo usiku wa baridi pareto huota majani bila kutoa matumba. Maua yachumwe wakati safu za yale madogo ya manjano ya katikati zimekwisha kufunguka, kwani sumu iuayo wadudu hukaa zaidi katika vijimbegu vyake, na ua lililochumwa changa lina sumu kidogo. Vikonyo visichanganywe. Yasirundikwe mabichi, maana hupata joto na kuoza, bali yaanikwe siku ile ile. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu, na hiyo moja ndiyo ilipwayo.