Lafey: Wazee hujua mwaniaji kabla ya jirani kuombwa kura

MWANIAJI wa udiwani jijini Nairobi au Mombasa huanza kwa kubisha hodi. Hupita nyumba hadi nyumba, akajitambulisha kwa jina, kisha akaomba kura. Lafey, katika kaunti ya Mandera mpakani mwa Kenya na Somalia, mambo ni kinyume. Jirani haulizi mwaniaji ni nani, kwani nasaba yake aijua. Swali lake ni moja tu: je, wazee wamempitisha?

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, wazee wa koo za Kaskazini Mashariki wamekuwa wakigawana viti kwa maafikiano kabla ya kura kupigwa, kuanzia ugavana hadi uwakilishi wa wadi.

Wazee hao si wa kubezwa. Mapigano ya jamii za Garre na Degodia, yaliyochacha Mandera na Wajir kati ya 2012 na 2014, yaliangamiza maisha na kufurusha familia nyingi. Palipo na makovu ya aina hiyo, kikao kinachotuliza koo kabla ya uchaguzi kina thamani yake.

Lakini kuna anayeumia. Katiba, katika kifungu cha 38, humpa kila raia aliyekomaa haki ya kuwania wadhifa. Aliyekataliwa na wazee, na kwa kawaida akakosa pia tiketi ya chama chenye nguvu, amebakiwa na njia ya mgombea huru, ambayo hudai aungwe mkono na wapigakura 500 wa wadi yake. Hapa ndipo penye kikwazo ambacho wanasheria wa mijini hawakioni. Kura ni siri. Sahihi si siri. Jirani anayetia sahihi ameukaidi ukoo wake hadharani, na kesho atahitaji ukoo uo huo kulipiwa diya au kuchangiwa mifugo baada ya ukame.

Ni kweli Ali Roba aliwakaidi wazee wa Garre mwaka wa 2017 akahifadhi ugavana wa Mandera. Gavana aliye mamlakani, hata hivyo, ana magari na jina. Kijana wa Fino au Sala hana. Mwanamke ndiye aliye mbali zaidi, maana vikao hivyo ni vya wanaume. Sophia Abdi Noor alipotwaa ubunge wa Ijara, Garissa, mwaka huo wa 2017, hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuchaguliwa mbunge wa eneobunge lolote katika ukanda huo.

Usalama nao huzidisha ugumu. Februari 2025, machifu watano wa Mandera walitekwa nyara wakielekea Elwak, wakaachiliwa Aprili. Ikiwa chifu hapiti salama, mwaniaji asiye na ulinzi atawafikiaje wafugaji waliotawanyika malishoni?

Uchaguzi mkuu umepangiwa Agosti 2027. Wazee wa Lafey wanaweza kuendelea na vikao vyao, lakini kabla ya kuketi wamruhusu kila mwaniaji, mwanamke akiwemo, ahutubie majirani zake kisimani na sokoni, na wasimwadhibu yeyote kwa sahihi aliyotia.