Kijana na Mshahara Wake wa Kwanza

Kila mwaka, masika yanapoingia, mahoteli mengi ya pwani ya kaskazini na mashariki ya Unguja hupunguza kazi, na mengine hufunga milango mpaka mvua zikatike. Kwa mwenye hoteli huo ni wakati wa kupaka rangi. Kwa kijana aliyetoka Micheweni au Kengeja, ambaye ndiyo kwanza anajitegemea, ni majuma mengi ya kukaa katika chumba cha kupanga bila ya senti mfukoni, akiona haya kurejea kwa wazee wake mikono mitupu.

Sisi hatukubaliani na wanaosema kuwa vijana hawa ni wavivu au wabadhirifu. Aliyekubali kuvuka bahari akalale ugenini si mvivu. Lililopungua ni kufunzwa. Skuli imempa cheti, lakini hakuna aliyekaa naye barazani akamweleza namna ya kuusoma mkataba wa kazi.

Mkataba ndio jambo la mwanzo. Kijana asiridhike na maneno ya mdomo. Aombe karatasi, aisome yote, aulize asilolielewa, na nakala yake aiweke yeye mwenyewe. Atazame khasa muda wa kazi: je, ni wa mwaka mzima au wa msimu tu? Atazame pia kama mwajiri anapeleka mchango wake katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, kwani mwajiri na mwajiriwa wote wawili hupaswa kuchangia. Kukatwa fedha katika mshahara si ushahidi kwamba zimefika. Aende Mfukoni akaulize. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege za watalii, wengi walirejeshwa makwao, na asiyekuwa na karatasi hakuwa na la kudai.

La pili ni akiba. Korona haikupiga hodi, lakini masika yanajulikana tangu enzi za mababu, na kwa hayo hatuoni udhuru. Anayecheza upatu na wenzake aombe zamu yake iangukie mwezi wa Machi, ili kodi ya chumba ya Aprili na Mei iwe imekwisha kupatikana. Na ajifunze kupika, hata akiwa mwanamume. Tunawajua vijana ambao nusu ya mshahara wao huishia kwenye chipsi na urojo, kwa sababu nyumbani hawakuruhusiwa kusogelea jiko.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumbebesha kijana mzigo wote. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 ipo, na kijana wa miaka kumi na tisa hawezi kuisimamia peke yake mbele ya meneja anayeweza kumfukuza jioni hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya wakaguzi wa Serikali. Tunawaomba wakubwa wanaohusika wawapeleke wakaguzi hao mahotelini mwezi wa Julai na Agosti, wakati wageni wamejaa na wafanyakazi wote wapo, wakae nao faraghani na kuomba kuiona mikataba. Mkaguzi anayekwenda mwezi wa Mei atamkuta mlinzi na paka.