Jiko Letu: Jodari wa Kopo kwa Mlo wa Mchana

Sisi wa upande wa Namoto na mto Ruvuma tumezoea samaki wa nazi. Lakini siku kuni zikiadimika, kopo moja la jodari linaweza kutulisha bila kuwasha moto.

Vunjavunja samaki kwenye bakuli. Akiwa wa mafuta, mafuta yake usiyamwage, nayo ni chakula. Katia kitunguu 1, nyanya 2 na pilipili hoho, vyote vioshwe kwa maji salama. Kamulia limau. Onja kabla ya kutia chumvi, maana samaki wa kopo huwa na chumvi tayari. Kula na mkate, au muhogo uliochemshwa asubuhi.

Ila jamani, friji hatuna. Kopo likishafunguliwa, tulimalize mlo uleule, tusiweke kiporo cha jioni. Wakiharisha, watoto ndio huzidiwa upesi. Kopo lililovimba au linalovuja tulitupe, hata kama tarehe haijapita. Na jodari mbichi aliyeshinda juani tusimnunue: sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Haya, mlo mwema. Tukijaaliwa, tukutane mwezi ujao.