Kabla ya Kuitoa Kompyuta Yako



Mwaka jana nilimpa mtoto wa ndugu yangu kompyuta yangu ya kukunja, niliyoifanyia kazi miaka mingi. Kabla ya kumpa nilikaa jioni nzima nikifuta: alama za wanafunzi, barua za wazazi, picha za nyumbani. Nikakimwaga na kile kikapu cha takataka kilichomo ndani yake. Sikuona tena kitu, nikalala usingizi mtamu.

Baada ya majuma mawili kijana akaja, macho yake chini. “Baba mkubwa,” akasema, “unisamehe. Nilipoteza kazi yangu ya shule, na rafiki akanipa programu ya kufufua yaliyofutwa. Kazi yangu imepatikana, lakini na mambo yako pia.” Miongoni mwake ilikuwamo barua ya mama mmoja, aliyeniandikia kwa siri sababu ya binti yake kukosa masomo muhula mzima. Mama yule alikuwa ameniamini mimi, si kijana wangu, wala rafiki wa kijana wangu.

Kumbe, ilikuwaje? Fikirini kitabu kikubwa chenye orodha ya yaliyomo. Ukiiambia kompyuta ifute, kwa desturi haichani ukurasa. Inafuta mstari mmoja tu katika orodha, na ukurasa wenyewe unahesabiwa kuwa mtupu, tayari kuandikiwa mengine. Mpaka yaandikwe hayo mengine, maneno ya kwanza yangali pale. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika diski yangu, ya namna ile ya zamani inayozunguka.

Wala si mimi peke yangu. Kati ya 2000 na 2002 wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Zilizokuwa zingali zikifanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo 12 tu zilikuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta barua, habari za wagonjwa, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Na huku Afrika, mwaka 2009, wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka British Columbia, Kanada, walinunua diski sokoni Tema, Ghana, wakakuta ndani yake mikataba ya kampuni ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani. Ikiwa siri za namna hiyo ziliuzwa sokoni, mwalimu kama mimi atajivunia nini?

Basi, kwanza nakili unavyovihitaji, kisha fungua nakala hizo katika mashini nyingine, uzione kwa macho yako. Pili, jitoe katika akaunti zako, hasa ile ya Apple. Usipojitoa, mashini yaweza kubaki imefungwa kwa jina lako, na mnunuzi atakuwa amenunua kipande cha bati.

Ndipo uirudishe mashini kama ilivyotoka kiwandani. Windows itauliza kama mafaili yabaki au yote yaondolewe. Chagua yote. Lakini ngojeni, hapa ndipo wengi hukosea! Liko swali la pili, limejificha katika kubadili mipangilio: je, diski isafishwe pia? Usipoligusa, jibu lake ni hapana. Wewe weka ndiyo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, nasi tunajua jinsi umeme wetu unavyokatika. Chagueni siku vizuri.

Kwa Mac zenye chipu ya T2 au chipu ya Apple yenyewe, tangu macOS Monterey ya mwaka 2021, ipo amri moja inayomaliza yote kwa dakika chache. Upesi huo usikutie shaka. Yaliyomo yameandikwa kwa maandishi ya siri, na kompyuta inauharibu ufunguo wake tu, yanayobaki hayasomeki. Kwa diski mpya zisizozunguka njia hii ya ufunguo ndiyo bora, kwa kuwa diski hizo huhamisha maandishi zenyewe, na kuandika juu yake hakufiki pembe zote. Mwenye Windows naye aweza kuwasha maandishi ya siri kwanza, kisha kuondoa yote.

Kompyuta yangu ilirudi kwangu kwa siku mbili. Tuliiacha ikisafishwa usiku kucha, na asubuhi ilituuliza lugha tuitakayo, kama mashini mpya. Kijana akaijaribu tena ile programu yake, haikufufua kitu. Kwa yule mama nilikwenda kwa miguu siku ya Jumapili, nikamweleza yote yaliyotokea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza ni watu wangapi walioisoma.