Faida Isikupumbaze, Soma Mistari ya Chini

MIZANI YA FEDHA
Na Rashidi Kombo

Kila robo mwaka benki za Kenya hulipia kurasa za magazeti kutangaza hesabu zao, na wengi wetu hukimbilia mstari mmoja tu: faida. Ikipanda, tunanunua hisa. Kumbe mambo yenyewe yako chini, kwenye herufi ndogo, penye mikopo chechefu.

Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa chechefu. Benki hutenga fedha za kufidia hasara, na fungu hilo hupunguza faida. Tangu 2018, kanuni ya kimataifa ya IFRS 9 inataka zitengwe hata kabla mteja hajakwama. Ila anayekadiria ni benki yenyewe, na mkurugenzi mwenye uchu wa faida nono hakosi sababu ya kutenga kidogo.

Mimi huanza na mstari wa dhamana. Tuseme benki ina mikopo chechefu ya shilingi bilioni 10 na imetenga bilioni 4. Bilioni 6 zilizobaki, inatwambia, zina dhamana: mashamba, maghorofa, magodauni. Kwenye karatasi hatari imekwisha. Haya, nenda kalinadi ghorofa ambalo halijamalizwa kujengwa! Mdaiwa anakwenda mahakamani kuomba zuio, kesi inaahirishwa, dalali anarudi mikono mitupu, na wanunuzi wanangoja bei iporomoke.

Tena makadirio ni nusu tu ya shida. Wakati mwingine hata tarakimu zenyewe hazisimami. Mwaka 2016 Chase Bank ilitoa hesabu zake za 2015, kisha ikazitoa upya siku chache baadaye. Safari hii mikopo kwa wakurugenzi na wafanyakazi wake ilizidi shilingi bilioni 13, mbali kabisa na ilivyotangazwa mwanzo, na kulikuwa na hasara ya milioni 742. Wateja walikimbilia akiba zao, na Aprili 7 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu.

Kinachoniudhi ni kwamba benki inayotenga fedha za kutosha, faida yake ikapungua, ndiyo wawekezaji huikimbia. Mimi ningeanza na hiyo.

Wewe mwenye hisa, mkutano wa mwaka ukifika, usiridhike na soda na kofia. Simama uwaulize wakurugenzi: mwaka jana mlinadi dhamana ngapi, na mlipata shilingi ngapi ikilinganishwa na thamani mliyotuandikia?